Mama Kayai: Mhusika Bapa au Duara?

Katika madarasa yetu ya uhakiki tumezoea kuwagawa wahusika katika mafungu mawili: bapa na duara. Mgawanyo huu tumeurithi kwa Mwingereza E. M. Forster, aliyeueleza mwaka 1927 akizungumzia riwaya. Mhusika bapa habadiliki, ni wa sifa moja tu. Mhusika duara hukua, huteleza, hutushangaza. Tukishagawa hivyo, tunapata maksi zetu na kwenda zetu. Makala hii inakusudia kuuliza swali moja tu: Mama Kayai wa Vitimbi tumweke fungu gani?

Kwa wasiomfahamu, Mama Kayai ni jina la uigizaji la Mary Khavere wa Kenya, na Vitimbi ni mfululizo wa vichekesho vya televisheni ya taifa ya nchi hiyo tangu miaka ya 1980, enzi za Voice of Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa KBC. Humo alikuwa mke wa Mzee Ojwang', mume mwenye maneno mengi na majigambo zaidi. Ojwang' aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Siku hiyo, kwa sisi watazamaji, Mama Kayai ndiye aliyefiwa, ingawa wawili hao hawakuwa mke na mume nje ya kioo. Jina la igizo lilikuwa limemeza jina la kuzaliwa.

Huku kwetu Shinyanga, Vitimbi vya wakati ule havikutufikia. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Mama yangu amekulia na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, sikio likiwa limebandikwa kwenye redio. Mimi nimemjua Mama Kayai majuzi tu, kupitia simu, tena nikiwa likizo Nyarugusu, Geita, kwa mama mdogo anayewapikia wachimbaji wadogo. Jioni wachimbaji wanakula ugali na dagaa, mmoja anafungua klipu, simu inaegemezwa kwenye chupa ya maji, basi kibanda kizima kimya.

Nilichokiona pale ndicho kilichonifanya niandike. Ojwang' alipofungua mdomo na ile lafudhi ya Kijaluo, watu walicheka. Hilo halina ajabu. Lakini Mama Kayai alipomjibu, mwenye lafudhi alikuwa yeye pia, na bado kicheko hakikumwangukia yeye. Kilimrudia Ojwang'. Nikajiuliza, kwani imekuwaje?

Swali hili kwangu si la nadharia peke yake. Nilipofika mwaka wa kwanza niliwahi kusimama kwenye semina nikatamka "nadhalia". Sisi Wasukuma lugha yetu ya nyumbani haina "r", na ulimi una ukaidi wake. Darasa zima likacheka, na hoja yangu, ambayo mpaka leo naiona ilikuwa nzuri, hakuna aliyeisikia. Hiyo ndiyo hasara ya kicheko cha lafudhi: kinakatisha maneno ya mtu kabla hayajafika.

Vichekesho vyetu vina mazoea hayo tangu zamani. Mshamba anaingia mjini, anatamka vibaya, ukumbi unacheka. Miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy lilituletea Masanja Mkandamizaji. Msanii mwenyewe ni Emmanuel Mgaya, ila Masanja ni jina la Kisukuma, la kaka zetu na wajomba zetu. Katika kundi hilohilo Joti alivaa gauni akawa mwanamke. Sisemi hawa si mafundi. Ni mafundi, nami nimecheka nao mpaka machozi. Nasema tu kwamba mwanamume akivaa gauni, kicheko cha kwanza ni cha gauni. Mama anayeigizwa anabaki nyuma yake, haonekani.

Mama Kayai hana mtaji huo. Ni mwanamke anayeigiza mwanamke, amefunga kitambaa kichwani kama mama yeyote wa sokoni. Silaha yake ni kusubiri. Anamwacha mume amalize kujigamba, anamtazama, na jibu lake likija linakuwa fupi. Lafudhi ipo, lakini inabeba akili. Mtazamaji anacheka kwa sababu mama ameshinda hoja. Matamshi yanabaki kuwa matamshi tu, kama nguo ya kila siku.

Najua nitapingwa. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu hii ameniuliza: je, Mjaluo anayetazama anajisikiaje, wakati waigizaji wote wawili si Wajaluo? Kweli, Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Khavere ni jina la Kiluhya. Waliazima ulimi wa watu wengine wakaulia chakula. Hoja hii ni nzito, na inazidi uzito tukikumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya, na jina la mtu au matamshi yake vikawa jambo la hatari. Lafudhi haijawahi kuwa mchezo mtupu.

Hata hivyo, naona kuazima ni kwa namna mbili. Kuna anayeazima ulimi wako ili akuoneshe u mjinga. Na kuna anayeuazima akauingiza ndani ya nyumba yenye ndoa, deni, wivu na upatanisho, mpaka mtazamaji wa kabila jingine anasema, "Jamani, huyu ni mama yangu." Mary Khavere alikuwa wa namna ya pili. Kazi hiyo haimo katika muswada wowote, maana hakuna kalamu inayoweza kuandika sauti na mtazamo wa jicho. Hapo mwigizaji ni mtunzi pia, nasi wahakiki tunamdhulumu tunapomtaja kwa jina la igizo tu.

Turudi kwenye swali. Kwa kipimo cha Forster, Mama Kayai ni bapa: wiki nenda, wiki rudi, ni yuleyule. Lakini wachimbaji wa Geita wana "duara" lao. Kwao duara ni shimo la dhahabu, lenye mdomo mdogo na kina kirefu. Anayepita juu haoni kitu ila tundu. Anayeshuka, tena kila siku mahali palepale, ndiye anayejua kuna nini chini.

Kwa maana hiyo ya Nyarugusu, mimi namweka Mama Kayai katika duara. Mwenye hoja tofauti na ailete. Nitaijibu hapahapa, kwa lafudhi yangu.