Nimeonja Maji ya Jinja, Sasa Naitazama Ruaha

Niseme mapema: sijawahi kukutana na burudani ya nje inayofikia kushuka Mto Nile kwa boti ya mpira pale Jinja, Uganda. Sijawahi! Na anayesema hivyo ni mtu wa Kilosa, ambaye Hifadhi ya Mikumi ni jirani yake na kuona twiga kando ya barabara kuu si habari ya kwenda kusimulia nyumbani.

Furaha yangu haieleweki mpaka ujue sisi tunavyouona mto. Mkondoa unateremka milimani, unapita korongoni sambamba na reli ya zamani, kisha unaingia mjini Kilosa umebeba mchanga, magogo na chochote ulichokikuta njiani. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulipasua tuta, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika. Mtoto wa Kilosa hufundishwa jambo moja kuhusu mto uliojaa: kaa mbali nao. Sasa mchukue mtu huyo, mvike jaketi la kuelea na kofia ngumu, msimamishe kando ya mto ambao Mkondoa wetu ni kijito mbele yake, halafu mwambie, "Karibu, ingia."

Jinja ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na Nile inapita ubavuni mwake. Hapo ndipo Ziwa Victoria linapotoa maji yake, wala halina mlango mwingine. Maji ya Mto Mara, ya Kagera, na mvua zinazonyesha Mwanza, yakipata bahati ya kutoka ziwani, hutokea hapo. Kwa hiyo Mtanzania anayepiga kasia Jinja yumo ndani ya maji yanayomhusu. Na lipo jingine linalonisisimua hadi leo. Speke, mpelelezi Mwingereza wa chanzo cha Nile, aliyefika kwenye maporomoko ya Ripon hapo Jinja Julai 1862, alikuwa amepita bonde letu la Mkondoa pamoja na mpelelezi mwenzake Burton mwaka 1857, wakifuata njia ya misafara kwenda bara. Mto wetu umo kwenye historia ya Nile na hatujawahi hata kuisimulia!

Twende majini. Safari huanzia chini ya bwawa la Bujagali, mahali palipotulia, na nahodha hatoi ruhusa ya kuondoka kabla hamjajua amri zake: mbele, nyuma, shika kamba, chini. Kisha anaipindua boti kwa makusudi. Ndiyo, kwa makusudi, ili kila mmoja ajue mapema jinsi ilivyo kuwa chini ya maji na kurudi juu bila kupaparika. Nampa alama zote kwa hilo. Ukishaibuka mara ya kwanza na kugundua kwamba jaketi linakuleta juu lenyewe, nusu ya hofu imekwisha.

Nusu iliyobaki inakungoja kwenye poromoko liitwalo Overtime. Kipimo cha kimataifa cha maji ya kasi huanzia daraja la kwanza hadi la sita, na poromoko hili ni la tano. Kwanza unasikia mngurumo bila kuona kitu. Mbele yenu mto unakatika tu, kama meza inapoishia, na ng'ambo yake mnaona vilele vya miti na ukungu. Nahodha anasema polepole, mbele, mbele, mbele, halafu anapiga kelele, "Chini!" Boti inajikunja katikati, pua inazama, ukuta wa maji unakuja juu ya vichwa, na kwa muda huo hakuna juu wala chini, kulia wala kushoto. Halafu jua! Mmetokea upande wa pili, mmelowa hadi mifupani, wote mnapiga mayowe, na watu ambao asubuhi hamkujuana mnakumbatiana kama ndugu.

Kinachoifanya Nile iwe bora kwa mgeni ni wingi wa maji. Mto ni mpana na wenye kina, maji ni ya uvuguvugu, na baada ya kila poromoko huja eneo pana lililotulia, ambapo aliyeanguka huokotwa. Tena ziwa linautosheleza mwaka mzima, hausubiri masika. Ukianguka, na wengi huanguka, kabla hujamaliza kukohoa kayaki ya mwokoaji imeshafika, nawe unashika pua yake na kuvutwa hadi botini.

Hao wa kayaki ndio walioniibia moyo kabisa. Kijana mmoja ndani ya chombo chembamba cha plastiki, kasia lenye mabapa mawili, anaingia kwenye wimbi refu kuliko yeye na kubaki juu yake akizunguka, huku mto mzima ukimpita chini! Akipinduliwa, anatikisa kiuno, anazungusha kasia, na yuko juu tena. Wengi wao ni wazaliwa wa vijiji vya kandokando ya mto. Kwao mto umekuwa uwanja wa michezo, shule na ajira, na wageni husafiri kutoka mbali kuja kujifunza kwao.

Uchungu nao upo. Maporomoko ya Bujagali yenyewe, yaliyokuwa fahari ya Jinja, yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme la megawati 250 mwishoni mwa 2011. Isimba, la megawati 183, likaja 2019 na kumeza mawimbi mengine yaliyosifika duniani. Umeme unahitajika, sitabisha. Lakini nilipofika Itanda, pale mto unapopasuka kwa hasira kiasi kwamba boti hubebwa nchi kavu kuikwepa sehemu ya juu, nilishukuru kwamba Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kuyalinda maporomoko ya Kalagala na eneo lake, Itanda ikiwemo. Nendeni mkayaone yakingali hai.

Sasa nyumbani. Mkondoa haufai kwa mchezo huu, nasema hivyo kwa mapenzi yote: mchanga mwingi, magogo, nguzo za madaraja, na mafuriko yasiyobisha hodi. Lakini panda basi Mikumi uelekee Iringa. Barabara ikifika korongoni na kuanza kwenda bega kwa bega na Ruaha Mkuu, chungulia dirishani uone mawe, povu na maji yanayoteremka kwa kasi. Na mto huo una msimamizi wake: bwawa la Mtera, ambalo hutunza maji na kuyaachia yateremke kwenda kuzalisha umeme Kidatu. Nimepita hapo tangu utotoni nikitazama nyani na mibuyu. Baada ya Jinja, macho yangu hayatoki majini.

Mamba na viboko wapo, na mawe hayo yanahitaji kusomwa na watu waliobobea, kwa utaratibu, katika viwango tofauti vya maji, kabla ya abiria yeyote kukanyaga boti. Hatari hizo hazinikatishi tamaa. Mikumi tayari ina hoteli, waongoza watalii na barabara ya lami. Kuna wageni wanaotazama tembo asubuhi na mchana hawana la kufanya. Wapiga kayaki wa Jinja, ndugu zetu, njooni mlitazame korongo hili. Nauli ya basi kutoka Mikumi hadi Ruaha nalipa mimi.