Karatasi za Chooni na Barua ya Shukrani

Kutoka Chawia, katika milima ya Taita nchini Kenya, Mwatate inaonekana yote bondeni, na reli ya Voi kwenda Taveta inapita hapo chini. Waingereza walianza kuijenga mwaka 1915, wakaifikisha Maktau mwezi Juni, kwa sababu Taveta ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Kutoka huko vikosi vidogo vya Wajerumani vilivuka nyika na baruti, vikalipua njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi. Hakuna jeshi linaloweza kuweka mlinzi kila hatua ya reli. Lililobaki ni kujua mapema nani anakuja, na kutoka kambi ipi.

Kazi hiyo alipewa Richard Meinertzhagen, mkuu wa ujasusi wa Waingereza. Yeye mwenyewe amesimulia hila mbili, na kila moja inafaa kufunguliwa kama saa.

Hila ya kwanza ilikuwa chooni. Maofisa wa Kijerumani, waliozingirwa na manowari za Uingereza pwani, walikosa karatasi za kujisafishia, wakatumia barua na amri zilizokwisha kazi. Waafrika waliokuwa wakimfanyia kazi Meinertzhagen waliziokota. Kipande kimoja hakisemi mengi. Lakini kina saini, tarehe, pengine jina la kikosi. Vipande vingi vikiwekwa pamoja, vinaonyesha ofisa gani yuko wapi na amehama lini. Nguvu ya njia hii ni kwamba inajisahihisha: kipande cha uongo kitapingwa na vingine kumi.

Hila ya pili ilimlenga jasusi wa Wajerumani aliyekuwa akiwasumbua Waingereza. Meinertzhagen anasema alimwandikia barua ya kumshukuru kwa habari ambazo hakuwahi kuzitoa, akaambatanisha fedha, kisha akamtuma mjumbe ambaye bila shaka angenaswa. Wajerumani waliisoma, wakamuua mtu wao wenyewe.

Ili hila hii ifaulu, mambo matatu lazima yatokee kwa mfuatano: mjumbe akamatwe, barua iaminike, na adui amhukumu mtu wake kabla ya kumchunguza. Fedha ndizo zilizobeba uzito, maana ni nani angetupa pesa kwa ajili ya uongo? Hata hivyo, kiungo kimoja kikikatika, hila nzima imekufa, na hakuna cha kuisahihisha.

Ushahidi wa barua hiyo nao hauna cha kuusahihisha. Shajara ya kijeshi ya Meinertzhagen ilichapishwa mwaka 1960. Baadaye wataalamu wa ndege waligundua kwamba baadhi ya ndege waliokaushwa aliodai kuwakusanya walikuwa wameibwa kwenye makusanyo ya wengine. Mwaka 2007 Brian Garfield, mwandishi wa riwaya za kusisimua, aligeuka kachero na kuandika kitabu kilichotilia shaka mengi aliyojisifia. Habari ya barua basi inasimama juu ya shahidi mmoja, naye ndiye mtuhumiwa.

Tofauti kati ya kulinganisha vipande vingi na kutegemea neno moja ilikuwa na gharama yake papa hapa Taita. Mwaka 1915 Waingereza waliwashutumu watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa. Upande uliojua kulinganisha vipande vya karatasi ulihukumu jamii nzima kwa tuhuma. Kipimo cha jasusi hodari ni hicho: anachokataa kuamini kabla ya kupata kipande cha pili.