Tembo wa Ukutani

Ukipita mtaa wa Kware, Nairobi, asubuhi kabla kengele hazijalia, shule utazitambua kwa tembo. Hata pale bango lilipoanguka, au lilipozibwa na nguo zilizoanikwa kwenye ploti ya jirani, tembo yupo ukutani, mkonga juu, na chini ya miguu yake jina lake la Kiingereza kwa herufi za kuviringa. Pembeni yupo twiga, yupo simba, kisha abjadi nzima inafuatana kutoka langoni hadi mlango wa darasa la PP1, kila herufi na mnyama wake. Mzazi aliyehamia mtaani juzi, anayetafutia mtoto chekechea katikati ya magorofa ya kukodi na vibanda vya chapati, huusoma ukuta huo kabla hajaonana na mwalimu mkuu. Akiona michoro imekaa sawa, huingia kuuliza karo.

Nimewatazama mafundi wa kuta hizi kwa muda mrefu, na naamini bila wasiwasi kwamba wao ndio walimu wa kwanza wa Kiingereza cha wanyama katika Embakasi Kusini. Hawatii sahihi. Wanaacha nambari ya simu kwenye kona ya chini, basi. Fundi aliyemchora simba huyu wiki iliyopita alikuwa akichora ng'ombe wa bucha, na kabla ya hapo kichwa cha kijana aliyenyolewa, kwenye mlango wa kinyozi. Ufundi wenyewe aliupata kwa kumshikia mwenzake mkebe wa rangi, akitazama.

Ni ukoo mkubwa huu, ingawa hautajwi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora wanyama Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya kung'aa ya dukani, ile ya kupaka baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 tayari alikuwa na wanafunzi waliolifanya jina lake kuwa jina la mtindo mzima. Hapa Nairobi, Joseph Bertiers alianza kwa kuandika mabango ya biashara kabla picha zake hazijaingia kwenye maonyesho. Lakini Tingatinga alikuwa huru. Angeweza kumpa ndege shingo ya nyoka na mtu akainunua kwa furaha. Mnyama wa ukuta wa shule hana uhuru huo. Ni lazima mtoto wa miaka minne amtambue akiwa upande wa pili wa uwanja, na amtambue kuwa ni yeye, si binamu yake.

Chukua chui na duma. Kwenye daftari la mwalimu ni maneno mawili tu, leopard na cheetah, na darasa linaweza kuyaimba asubuhi nzima bila mtoto mmoja kujua yanaachana wapi. Fundi hana pa kujificha. Madoa ya duma ni nukta nyeusi tupu. Ya chui ni mafungu yaliyopasuka katikati, yakaacha rangi ya manjano iliyokolea ndani yake. Halafu kuna ule mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni mwa duma hadi pembe ya mdomo. Mstari huo ukipigwa mahali pake, kazi ya maneno mawili imekwisha. Ukikosekana, mwalimu atapaza sauti muhula mzima na watoto wataendelea kuchanganya.

Twiga ndiye anayenionyesha fundi ni wa aina gani. Wengi humchora twiga wa kaskazini, wa Samburu, ambaye mabaka yake ni mapana na yametenganishwa na mistari myeupe iliyonyooka. Ni rahisi: unapaka hudhurungi mwili mzima, kisha unachora wavu juu yake. Lakini twiga wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ng'ambo ya Barabara ya Mombasa, ni wa Kimaasai, na mabaka yake yana kingo zilizochanikachanika. Kwenye shule moja karibu na Mto Ngong nilisimama nikamwangalia fundi aliyekataa njia ya mkato. Alitandaza kwanza manjano hafifu, akaiacha ikauke. Akachukua brashi aliyoikata nywele zikabaki fupi na ngumu, akaichovya kwenye hudhurungi, akawa anaibandika na kuivuta nje kwa vipande vidogo vidogo, pande zote, mpaka kila baka likawa na meno. Alianza shingoni akishuka. Jicho alilibakiza mwisho, na alipofika hapo alipanda tena ngazi kwa ajili ya nukta moja nyeupe.

Kifaru alimchora akiwa na shilingi tano mkononi. Tangu Desemba 2018, Benki Kuu ilipotoa sarafu zisizo na sura za marais, kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza, mifuko ya Wakenya imejaa wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, tembo kwenye ishirini. Mafundi wengi nimewaona wakiibana sarafu kati ya vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukichora. Ila sarafu ni ndogo, na kuna mambo ambayo fundi lazima awe anayajua mwenyewe, kwamba kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka wa kuvutia majani ya vichaka, na mweupe ana mdomo mpana wa kulishia nyasi. Neno rhino linawafunika wote wawili. Brashi hailazimiki kuwafunika.

Mbuga ya Nairobi ina kilomita 117 za mraba na ilifunguliwa mwaka 1946. Ni watoto wachache wa mijini duniani wanaolala karibu na simba wa porini kuliko watoto wa Embakasi, na wengi wao hawajawahi kufika. Simba wao ni wa ukutani. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba hii ni mapambo. Na tembo, anayechorwa kuliko wote, katika mbuga hiyo hayumo kabisa. Walio karibu ni ndama mayatima wanaolelewa pembeni mwake. Mtoto wa Kware anayemtaka tembo mkubwa ana ukuta na ana shilingi ishirini.

Upande wa herufi kuna ugumu wake. Mafundi wa Kware hufanya kazi juu ya plasta kwa bahati tu. Mara nyingi ni mabati, na mabati yana mabonde. Neno refu lililoandikwa kwa herufi nyembamba hukatika mtu akilitazama kwa upande, kwa hiyo fundi huyanenepesha maandishi, na jicho la mnyama hulipanga liangukie kwenye tuta, lisizame bondeni. Mabati hupata joto mchana hadi rangi ikakauka kabla ya kusawazika, kwa hiyo alfajiri ndio wakati wake. Kabla ya yote hunyoosha uzi uliopakwa chaki kutoka mwisho hadi mwisho, akauvuta na kuuachia, ukapiga mstari ulionyooka wa kukalisha maneno. Herufi a inapaswa kuwa ile ya daftarini, duara na kijiti chake, si ile ya gazetini yenye mgongo uliojikunja, kwa kuwa mtoto ataiga anachokiona. Na tahajia! Kosa kwenye daftari la mtoto mmoja hufutwa kwa kifutio. Kosa kwenye ukuta husomwa na shule nzima kila siku ya muhula. Fundi mzuri huja na orodha yake kwenye karatasi, akampa mwalimu aipitie, na kwa giraffe huzihesabu zile f mbili kwa kidole kabla hajagusa mkebe.

Kuna orodha na orodha, lakini. Chati za kuchapishwa zinazouzwa katikati ya jiji zimejaa wanyama wa kwingine. T ni simbamarara, ambaye porini Afrika hayupo. K ni kangaruu. Hata tembo wa baadhi ya chati hizo ana masikio madogo, ni wa Asia. Fundi akiachiwa nafasi anaweza kuipanga abjadi karibu yote kwa wanyama wa Kenya: I ni impala, yaani swalapala, J ni jackal, mbweha, O ni ostrich, mbuni, V ni vulture, tai, W ni warthog, ngiri. X huwasumbua wote. Q kwa kawaida huwa malkia, nami sioni sababu, maana kuna quail, ndege ambaye nchi nzima ilimkimbilia kwa ajili ya mayai yake mwaka 2013 na 2014, na ambaye hapa tunamwita kware. Katika mtaa uliopewa jina na machimbo ya mawe, yaani quarry, ndege huyo anastahili kipande cha ukuta.

Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayotawala eneo lake, na mjini hiyo ni Kiswahili. Wazazi wanataka Kiingereza kuanzia siku ya kwanza, na ukuta huitikia wanaolipa karo. Siwalaumu. Kinachonifurahisha ni kuta chache zinazobeba lugha zote mbili kwa heshima sawa. Kuna moja ya vikembe ambayo ningeipigia magoti: simba na mwanawe, punda na mwanawe, sungura na mwanawe, na chini ya kila mtoto majina mawili, cub na shibli, foal na kihongwe, leveret na kitungule. Kiingereza humwita mtoto wa ng'ombe calf na mtoto wa tembo calf vilevile. Mchoro ndio unaowatenga. Na yule shibli fundi alimtia madoa hafifu miguuni na tumboni. Ni kweli, wana wa simba huzaliwa nayo, yakafifia wakikua. Sijui ni wageni wangapi wa mbuga wanaoliona hilo kwenye darubini zao.

Siku hizi kuna mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine na kufungwa ukutani kwa siku moja, rangi kali, picha zilizochukuliwa kwenye intaneti. Ni ya bei nafuu, na mwalimu mkuu mwenye madeni ana haki ya kuhesabu. Lakini jua la Embakasi huyafubaza, upepo huyapasua kwenye pembe, na hakuna wa kumuuliza kwa nini twiga ana mabaka ya namna ile. Ukuta uliochorwa, fundi hurudi likizo ya Aprili kuupiga rangi upya, akianzia chini, mahali vidole vya watoto vilipofuta pua ya pundamilia.

Ninachowaomba walimu wakuu ni ndege. Kuta zina kasuku na tausi, wakati juu ya mapaa mwewe anazunguka akitafuta vifaranga, kunguru wenye kizibao cheupe wanagombania mifupa, na alfajiri kwarara wanapita wakipiga kelele. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano ya kutazama ndege kutoka Makumbusho ya Nairobi, na wengi waliojifunza majina yao hapo wakawa waongoza watalii. Mtoto wa Kware hana haja ya kupanda gari kuwaona hawa watatu. Anakosa tu majina.

Kwenye shule ile ya karibu na mto, fundi alibaki na nafasi chini ya Z akaijaza bila kuagizwa: black kite, pied crow, na marabou stork kwa urefu wa mtoto wa darasa la pili, upara wake, mfuko wa waridi kooni, na miguu myeupe pe. Mwalimu aliitazama miguu ile akasema haijamalizwa, apake nyeusi. Fundi akaeleza kwamba ngozi ya miguu ya korongo huyu ni ya kijivu iliyokolea, lakini hujinyea miguuni ili apoe, ikageuka nyeupe. Mwalimu hakuamini. Watoto waliokuwa wamesimama nyuma yao wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja kwamba ni kweli, ni nyeupe, wapo saba hapo kwenye taka, twende umwone.