Kumuse: Ufundi wa Mwalimu wa Roho

Kwa Wabukusu, kuanzia mashamba ya Kitale hadi Lwakhakha, ambako mto ndio mpaka wa Kenya na Uganda, kumzika mzee wa heshima hakumalizi shughuli. Siku ya tatu baada ya maziko hualikwa omuswala kumuse, yaani msemaji wa kumuse, hotuba ya baada ya maziko, aje awafariji wafiwa na kuwafunza walio hai. Miongoni mwa waliovuma ni Manguliechi, ambaye mtafiti Chris Wasike alimchambua kwa kina. Mtu mmoja huwezaje kuuonya umati wa watu, nao wakaridhia kuonywa?

Kwanza ni uwanja. Omuswala kumuse hasimami mahali pamoja. Huachiwa njia wazi kati ya watu, akaenda na kurudi, fimbo mkononi, akisema huku anatembea. Mwendo humpa mapigo ya usemi, na kila upande wa hadhira hupata zamu ya kutazamwa.

Pili ni mpangilio, na hapa ndipo penye ufundi mkubwa. Haanzi kwa maonyo. Huanzia mbali: asili ya watu, safari ya kutoka Misri kama mapokeo yanavyosimulia, koo, na marika ya tohara kama Kolongolo, Maina na Nyange. Mawaidha kuhusu mienendo ya leo hujengwa juu ya msingi huo. Msikilizaji aliyekwisha kusikia ukoo na rika lake vikitajwa hawezi kudai kwamba onyo linamhusu jirani tu.

Tatu ni mamlaka. Hasemi kama mwerevu aliyegundua jambo, bali kama mpokezi wa maneno ya wahenga. Tena kaburi ni bichi, kwa hiyo hana haja ya kuthibitisha kwamba maisha yana mwisho.

Washairi wa pwani hawakuwa na uwanja huo, wakatafuta njia nyingine. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Nasir anauhutubia moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate. Mwaka 1858, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwusia binti yake kwa utenzi. Wote wawili walichagua msikilizaji mmoja wa karibu, na sisi wasomaji tunafunzika kwa kusikiliza wosia wa wengine.

Kinyume chake, wazee wenye hekima katika riwaya zetu nyingi hawatugusi. Huingia na methali, wakatoka bila kumbadilisha mtu, kwa kuwa mwandishi hakuwapa msiba, ukoo wala msikilizaji mwenye jina. Anayetaka kumwandika mwalimu wa roho aamue kwanza mwalimu huyo anasema na nani, wapi, na baada ya tukio gani. Nao wanaorekodi kumuse wasiandike maneno peke yake: waandike pia hatua, vituo na itikio la watu, maana mafunzo yamo humo pia.