Mgaagaji Yuko, Wali U Wapi?

Mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo mitatu ya kidato cha tatu, kila mkondo wanafunzi hamsini, akitoa insha moja ya maneno 400 siku ya Jumatatu, Ijumaa mezani pake pana maneno 60,000. Hiyo ni riwaya nzima, tena yenye waandishi 150, wengi wao wakianza na jua lile lile lililochomoza mashariki na kumalizia na wahenga wale wale ambao hawakukosea waliponena. Kalamu nyekundu inashuka ukurasani kadiri ya nguvu zake. "S" kwa kosa la sarufi, "h" kwa kosa la hijai, mstari chini ya neno, vema kando ya msemo uliopendeza. Chini kabisa: "Umejaribu." Au "Tia bidii." Au, kwa wachache, "Heko!" Mwanafunzi analifungua daftari, anatazama amepata ngapi kwa ishirini, anamchungulia jirani kapata ngapi, analifunga.

Simlaumu mwalimu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE wa Kenya ni insha mbili, kila moja alama 20, na watahini huzipanga katika viwango, kutoka D ya kukwaruza hadi A. Mtoto lazima ajue amesimama wapi. Lakini liko swali ambalo kalamu nyekundu haipati nafasi ya kulijibu: aliyeyasoma maneno haya, yamemfikiaje? Mwenye jibu ameketi kwenye dawati hilo hilo, kiwiko kwa kiwiko, na kwa kawaida hakuna anayemuuliza. Huyo jirani ndiye ninayetaka kumsifu leo, pamoja na kazi anayoweza kuifanya akifundishwa.

Nasema akifundishwa, kwa sababu kubadilishana madaftari si jambo geni kwetu. Tangu shule ya msingi tumesikia "badilishaneni," mwalimu akasoma majibu, nasi tukatia vema na mkasi. Hiyo ni kazi ya karani. Insha haina orodha ya majibu ya kusomwa ubaoni, ndiyo maana ukimpa mwanafunzi insha ya mwenzake bila kumwelekeza, atafanya moja kati ya mambo mawili: ataandika "nzuri sana" na kumrudishia rafiki yake, au atawinda makosa.

Nianze na hao wawindaji. Wana ari kubwa na risasi zao huenda ovyo. Mmoja amefundishwa ngeli ya ki-vi na ameishika barabara, anakutana na "vijana wanne" kwenye insha ya jirani yake, anakata, anaandika "vijana vinne." Hapo kosa limezaliwa mahali palipokuwa salama. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya dawati langu ni kwamba kalamu ya wino haigusi daftari la mtu. Ukishuku kitu, weka mstari wa penseli na alama ya kuuliza, basi. Mwenye insha ataiendea kamusi mwenyewe, na akiikuta inamuunga mkono, atapata furaha ambayo si haki kumnyima.

Sheria ya pili ni kusoma yote kabla ya kusema lolote, na kusoma kwa sauti ambayo mwenye insha anaisikia. Sijui zana ya kufundishia uandishi iliyo rahisi na kali kama hii. Mwandishi anasikia mwenzake akiishiwa pumzi katikati ya sentensi yenye "ambaye" nne, anamsikia akirudi nyuma kutafuta ni nani aliyempiga nani, na mara nyingi penseli inaanza kutembea kabla msomaji hajatoa neno la maoni. Hakuna aliyekosoa. Sentensi imejisema yenyewe.

Halafu yanakuja maoni, na hapa ndipo ufundi ulipo. Mwaka 1973 Mmarekani Peter Elbow alichapisha kitabu, Writing Without Teachers, akipendekeza watu wakutane bila mwalimu yeyote na kusomeana walichoandika. Hakutaka wasikilizaji watoe hukumu. Alitaka wasimulie: kila mmoja aeleze yaliyompitia kichwani alipokuwa akisoma, aliposisimka, alipochoka, alipopotea njia. Nalipenda wazo hilo kwa sababu linamweka mwanafunzi mahali ambapo hawezi kukosea. Huenda hajui kanuni ya upatanisho wa kisarufi, lakini anajua kwa hakika kwamba kwenye aya ya tatu hakuelewa. Juu ya kutoelewa kwake yeye ndiye mtaalamu pekee duniani.

Insha moja ilisimulia nyumba iliyoungua usiku wa manane, na ilianza, kama ilivyo ada, kwa miale ya jua kupenya dirishani na ndege kuimba. Kalamu nyekundu ingeweza kutia vema hapo: maneno yamepangika, tashihisi ipo, mtindo upo. Msichana wa dawati la pili aliisoma, akamtazama mwenzake, akauliza, "Mwenzangu, moto ulikuwa saa nane usiku. Hili jua umelitoa wapi?" Mwenye insha akacheka, kisha akakaa kimya kitambo, kisha akaanza kwa harufu ya moshi. Ghafla bin vuu nayo ikatoka, maana moto uliokwisha kunukiwa hauji tena ghafla.

Nyingine ilikuwa insha ya methali, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wanaoandaliwa kwa mtihani wanajua kwamba kisa lazima kidhihirishe pande zote mbili za methali, lakini kujua na kufanya ni mambo mawili. Mwandishi alimchora mama muuza mboga anayeamka alfajiri, anayenyeshewa, anayekimbizwa na askari wa kaunti, ukurasa mmoja na nusu wa jasho, mwisho. Maoni ya msomaji wake yalikuwa mstari mmoja wa penseli pembeni: "Mgaagaji yuko, wali u wapi?" Nimehudhuria semina za walimu zilizosema jambo hilo hilo kwa saa nzima na kwa maneno mazito zaidi.

Kusifu, kwa maoni yangu, ni kugumu kuliko kukosoa, na watu huwa hawalitarajii hilo. "Nimeipenda" haimsaidii mtu. Hajui apendwe tena kwa kufanya nini. Sifa yenye kazi huonyesha mahali na sababu: "Uliposema mama alifunga leso mara ya pili, nilijua amekasirika, na wewe hukulitaja neno hasira." Mwandishi wa miaka kumi na saba akiambiwa hivyo amepewa kitu cha kutumia maisha yake yote. Amegundua kwamba leso inaweza kufanya kazi ya kielezi.

Watu huniuliza: mtoto dhaifu atamwambia nini yule anayeongoza darasa? Nami huwakumbusha Kamiriithu. Mwaka 1977, huko Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mirii walikuwa na mswada wa tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda. Waliuweka mbele ya wanakijiji, wakulima na wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba makubwa. Wanakijiji waliusikiliza, kisha wakaanza kurekebisha: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hapa, sherehe haiendi namna hiyo. Wasomi walirudi kuandika upya. Serikali iliukatiza mchezo huo mwezi Novemba mwaka ule ule, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Hiyo ni habari nyingine, ingawa inaonyesha jinsi maneno yale yalivyokuwa yamenolewa. Kilichonivutia ni kwamba waliorekebisha hawakuwa juu ya waandishi kwa elimu ya darasani. Walikuwa na masikio yao na maisha yao, na hivyo vilitosha.

Kuhusu faida ya anayetoa maoni, uko ushahidi ambao kila mwalimu anapaswa kuujua. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker, wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuandika kwa Kiingereza, lugha isiyo yao. Kundi moja lilifundishwa kuyatolea maoni maandishi ya wengine bila kupokea maoni yoyote. Kundi jingine lilifundishwa kuyatumia maoni bila kuyatoa. Waliotoa ndio waliopiga hatua zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa wale ambao lugha bado ilikuwa changa kwao. Hainishangazi. Msichana aliyelikamata jua la saa nane usiku katika daftari la mwenzake hawezi tena kuliandika lake bila kusita.

Kupokea ni shida zaidi. Neno la kwanza kinywani mwa mwandishi anayeelezwa kwamba hakueleweka ni "nilimaanisha," na baada ya hapo anamwaga ufafanuzi mrefu kuliko insha yenyewe. Ufafanuzi huo ungekuwa mtamu ungekuwa umeandikwa. Mtahini anayeisahihisha karatasi hiyo hatamsikia. Katika Warsha ya Waandishi ya Iowa, iliyoanzishwa 1936, na katika warsha nyingi zilizoiga mfano wake, desturi imekuwa mwandishi anyamaze wakati wenzake wanaijadili kazi yake. Wapo walioipinga, Matthew Salesses na Felicia Rose Chavez miongoni mwao, wakisema kimya hicho humuumiza anayeandika kutoka utamaduni ambao wenzake hawaujui: kazi yake hupimwa kwa mizani isiyo yake, naye amefungwa mdomo.

Nami nawaunga mkono nusu. Shule zetu nyingine huchanganya watoto wa kila upande wa nchi. Mvulana wa Lamu ameandika juu ya jahazi lililopandishwa pwani kupigwa kalafati. Msomaji wake wa Nyeri ameipigia penseli kalafati mara mbili, akidhani ni kosa la hijai. Hapo kunyamaza ni ujinga. Mwache mwenye jahazi aseme kwamba ni kuziba nyufa za mbao, kisha waamue pamoja kama neno libaki peke yake au liongezewe nusu sentensi. (Lilibaki peke yake. Sentensi iliyofuata ilikuwa na pamba na nyundo, na wa Nyeri alikiri kwamba angesoma taratibu angefahamu.) Kwa hiyo dawati langu hunyamaza mpaka msomaji amalize, halafu mwandishi huuliza maswali. Kuuliza, si kujitetea: "Ulidhani mjomba ni mwizi?" "Ulianza kumshuku wapi?"

Na ana haki ya kukataa. Yule wa leso aliambiwa na msomaji wake huyo huyo afunge kisa kwa methali, kama tulivyozoeshwa. Aliyapokea maneno hayo kwa heshima, akayatafakari hadi kesho yake, akamaliza pale pale alipokuwa amemalizia, mama akifunga mlango. Msomaji alinung'unika kidogo. Maoni si amri, na urafiki wa dawati uliokomaa unaweza kulibeba hilo. Usiokomaa hubadilishana kumi na tano kwa kumi na tano, ndiyo maana siruhusu wanafunzi kupeana alama hata siku moja. Alama ikiingia, mtu haoni tena sentensi, anaona bei.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, umeyataja mawasiliano na ushirikiano kuwa umilisi wa msingi, na mara kwa mara humtaka mwanafunzi awasomee wenzake alichoandika wakitolee maoni. Vizuri. Lakini maoni yasiyofuatwa na kuandika upya ni mazungumzo tu. Rasimu ni nguo iliyoshikizwa kwa pini, na sisi tumezoea kumvisha mtoto pini hizo hizo na kumpeleka harusini. Kusoma kwa sauti, kusikiliza, kuuliza na kuandika tena kunataka vipindi vitatu vya dakika arobaini kwa insha moja, na mkuu wa idara atakuuliza silabasi utaimaliza lini. Jibu langu ni kupunguza insha. Kati ya kumi zilizoandikwa mara moja na nne zilizoandikwa mara mbili, nachagua nne, na muhula ukinibana, tatu.