Kidole cha Balmat: Sanamu Mbili za Chamonix

Sanamu ya shaba nyeusi iliyozinduliwa mjini Chamonix, Ufaransa, mwaka 1887 imesimama juu ya ishara moja. Jacques Balmat amenyoosha mkono kuelekea kilele cha Mont Blanc. Pembeni yake Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, anakifuata kidole hicho kwa macho. Mchongaji, Jules Salmson, hakuhitaji kuuchonga mlima: uko pale pale, zaidi ya mita 3,700 juu ya mji.

Kiufundi mpangilio huu umekomaa. Mpita njia naye huinua shingo, akajikuta ni mtu wa tatu katika kundi. Lakini mstari ule ulionyooka kutoka kidoleni hadi kileleni unaruka mambo mawili.

La kwanza ni jiografia. Safu ya Mont Blanc imetandaa Ufaransa, Italia na Uswisi, na njia ya wapandaji wa kwanza ilipinda: ilishika mgongo wa Montagne de la Côte, kati ya mito ya barafu ya Bossons na Taconnaz, kisha ikaingia kwenye nyufa za kummeza mtu mzima. Kidole hakisemi lolote kuhusu jasho hilo.

La pili ni mtu. Tarehe 8 Agosti 1786 waliofika kileleni walikuwa wawili: Balmat, mtafuta fuwele, na Michel-Gabriel Paccard, daktari wa Chamonix, aliyekwenda na baromita. Saussure, aliyetangaza tangu 1760 zawadi kwa atakayepata njia ya kufika kileleni, alipanda mwaka uliofuata. Mtetezi wa Salmson atasema sanamu iliadhimisha miaka 100 ya safari ya Saussure, na Balmat alikuwamo kama kiongozi. Ni kweli. Ila kufikia 1887 masimulizi ya Balmat, yaliyoenezwa na mwandishi Alexandre Dumas, yalikwisha kumfanya Paccard mzigo wa kukokotwa. Shaba ikayapigia muhuri. Lakini kumbukumbu za von Gersdorf, shahidi aliyewafuatilia Balmat na Paccard kwa darubini kutoka bondeni, zinampa daktari haki yake.

Mwaka 1986 Paccard naye alipata sanamu: ameketi peke yake, akiutazama mlima. Jina limerudi, umbo halikurekebishwa. Waliopanda pamoja wametenganishwa, na aliyekuja baadaye ndiye mwenza. Kama sifa kwa sayansi na kiongozi wake, kazi ya Salmson ni nzuri. Kama ushahidi wa safari ya kwanza, inapotosha, na sanamu ya pili haikutosha kuisahihisha.