Mbuzi Watano Wanatosha

Wapo wanaomwona mbuzi wa maziwa kuwa ngazi tu ya kupandia: leo mbuzi, kesho ng'ombe. Mwenye mbuzi wanne au watano haishi kuulizwa atanunua lini mtamba wa ng'ombe, utadhani bandani mwake hamna kitu. Mimi siafiki. Kundi dogo la mbuzi wa maziwa, likitunzwa sawasawa, ni ufundi uliokamilika, na ufundi huo unawezekana kwa sababu kundi ni dogo.

Mfano mzuri uko Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko mashamba yamepanda mlimani, matuta kwa matuta ya kabichi, njegere na viazi mviringo, na malisho ya ng'ombe ni shida kupatikana. Tangu miaka ya 1980, kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakulima wa huko wamekuwa wakifuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, waliochanganywa na wa kienyeji. Baridi ya mlimani imewafaa. Chotara mmoja aliyelishwa vizuri hutoa lita moja au mbili kwa siku, na hizo zatosha chai ya nyumba nzima na uji wa mtoto, zikabaki za kumuuzia jirani.

Banda huinuliwa juu ya nguzo. Sakafu ni mabanzi yaliyoachiana nafasi ndogo, samadi ipenye lakini kwato isinase. Samadi hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye matuta, nayo mabua ya njegere na majani ya viazi vitamu hurudi bandani. Majani hayamwagwi chini. Hufungwa mafungu, matete na lukina, yakaning'inizwa usawa wa kichwa, maana mbuzi kwa asili hula akinyoosha shingo. Tawi likianguka likakanyagwa, haligusi tena. Watu husema ana maringo, kumbe anajilinda: mabuu ya minyoo hukaa chini, kwenye nyasi fupi na samadi, na mbuzi anayekula juu huwa na minyoo michache.

Nimekaa mara nyingi nikimtazama mama mdogo akikamua. Hunawa mikono, huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha hukikausha kwa kitambaa safi. Maziwa ya kwanza hayaingii kwenye ndoo. Huyakamulia kwenye kikombe cheusi, akakiinamisha kwenye mwanga kutafuta mabonge, kwa kuwa ugonjwa wa kiwele huonekana hapo kabla mbuzi hajaonyesha maumivu. Ndipo kidole gumba na cha shahada vinaibana chuchu kwa juu, maziwa yasirudi kiweleni, na vidole vingine vinafuata kimoja kimoja hadi cha mwisho. Havuti hata kidogo. “Ukimvuta, mwanangu, kesho hatakuachia,” aliniambia. Mtiririko ukipungua, hukigonga kiwele taratibu kwa ngumi, kama kitoto kinavyokigonga kwa pua, na maziwa hushuka tena.

Kazi nyingine yote ni ya macho. Jike asiyesogea pumba zinapomiminwa ana jambo. Asiyecheua mchana ana jambo. Anayelialia na kupepesa mkia yuko kwenye joto, na asipopandishwa atarudi tena baada ya siku 21 hivi. Akishika mimba huibeba kama siku 150, na miezi miwili ya mwisho hakamuliwi. Kitoto kikizaliwa ni lazima kinyonye dang'a ndani ya saa chache za mwanzo, kwani kinga ya mama haikukifikia tumboni. Mambo haya hayangoji zamu ya kibarua. Yanamtaka mtu aliyewaona jana na juzi.

Kilicho kigumu zaidi ni kuchagua beberu. Wengi hupenda asiye na pembe, kwa kuwa hajeruhi wenzake. Lakini katika mbuzi hawa, jike na dume wote wakiwa bila pembe kwa kuzaliwa, baadhi ya vitoto huweza kuzaliwa si jike si dume, na hao hawatazaa kamwe. Kwa hiyo mmoja wao awe na pembe. Tena beberu asiwapande binti zake. Kabla binti hao hawajakomaa, yeye huhamishiwa kwa mfugaji mwingine, na beberu mwingine huletwa mahali pake.

Mama mdogo anayo daftari ya shule yenye tarehe za mambo haya yote. Akiletewa beberu, habari ya kimo na ndevu haimbabaishi. Huuliza mama yake beberu huyo alikuwa akikamuliwa kiasi gani, na kwa miezi mingapi, maana dume halina kiwele cha kukaguliwa. Akijibiwa kwa kubahatisha, humrudisha na kungoja joto lijalo.